Tokeni nyeupe ya 1863: ni fedha, au ni shaba iliyopakwa?

Kitu chenyewe ni kidogo. Upana wake ni milimita 19.2, uzito gramu 3.41, na rangi yake nyeupe iliyofifia kama kijiko cha zamani. Upande wa uso una kichwa chenye taji la manyoya, nyota 13 zimekizunguka, na chini yake mwaka 1863. Upande wa mgongo una shada la majani, na katikati ya shada maneno makubwa: ONE CENT. Ukisogeza lenzi ya mkono yenye ukuzaji wa mara kumi, juu ya ONE unaona neno jingine dogo, herufi zake hazifiki hata milimita moja: NOT. Kwa hiyo maandishi yote yanasema “si senti moja”.

Mnunuzi aliichukua mnadani ikiwa imeandikwa kwamba ni tokeni (sarafu ya binafsi, si ya serikali) ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani iliyopigwa kwa fedha, yenye daraja la uhaba R9, yaani zimebaki chache mno, na akalipa bei ya R9. Ilipomfikia mkononi, kitu kimoja kilimkera: shavu la kile kichwa na ncha za manyoya zilikuwa zimelika. Hilo ndilo swali la kisa hiki. Inawezekanaje tokeni ya fedha ya 1863 ichakae kwa kupita mikononi mwa watu?

Kwanza tueleze kwa nini aina ya metali ni jambo muhimu hivi. Tokeni za vita hivi hutambuliwa kwa namba za orodha iliyotungwa na George Fuld na baba yake Melvin. Kwa tokeni za kizalendo, yaani zile zisizotaja duka, namba ya kwanza ni ya muhuri wa uso (muhuri ni chapa ya chuma inayopigia picha kwenye metali), kisha mkwaju (/), kisha namba ya muhuri wa mgongo, na mwishoni herufi moja ya metali. Kwa tokeni za maduka, unaanza na kifupi cha jimbo, kisha namba ya mji (New York ni NY 630, Cincinnati ni OH 165, Detroit ni MI 225), kisha herufi za mwenye duka, kisha namba ya muundo, na mwishoni ileile herufi ya metali. Herufi a ni shaba, b shaba ya njano, d mchanganyiko wa shaba na nikeli, e metali nyeupe yenye bati kwa wingi, f fedha.

Mihuri ileile miwili inaweza kuzaa a ambayo zimebaki zaidi ya 5,000 (hiyo ni R1), na f ambayo zimebaki mbili hadi nne tu (hiyo ni R9). Picha ni ileile, maneno ni yaleyale, hata nyufa za muhuri ni zilezile. Tofauti yote imo kwenye ile herufi ya mwisho, na tofauti ya bei ni kati ya makumi ya dola na mamia, wakati mwingine maelfu. Wakusanyaji wengi wanaoumia hawaumizwi na tokeni bandia. Wanaumizwa na tokeni halali iliyopewa herufi isiyo yake.

Sasa turudi 1862, kwa sababu jibu la kisa hiki liko huko kabla hata ya kugusa mizani. Tarehe 30 Desemba 1861 benki za New York ziliacha kulipa dhahabu na fedha kwa noti zao. Watu wakaanza kuficha dhahabu, kisha fedha, na kufikia katikati ya 1862 hata senti za shaba na nikeli zilikuwa zimekauka sokoni. Mtu mwenye noti ya dola moja akitaka kununua kitu cha senti tatu hakupata chenji. Bunge lilipitisha sheria tarehe 17 Julai 1862 ikiruhusu stempu za posta zitumike kuilipa serikali madeni madogo. Stempu zina gundi: zikanata mifukoni, zikachanika. Mwezi uliofuata John Gault akapata hataza ya kuzifunga stempu ndani ya kibati chenye dirisha la ulanga.

Wenye maduka hawakuweza kungoja. Wakaagiza vijidude vya shaba vyenye ukubwa wa senti kutoka kwa wachongaji wa mihuri: John Stanton na W. K. Lanphear pale Cincinnati, Emil Sigel na Louis Roloff pale New York, Shubael Childs pale Chicago, na viwanda vya vifungo vya nguo vya Waterbury, Connecticut. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba zilisambaa zisizopungua milioni 25, nyingi zikiwa na mwaka 1863. Ile sheria ya Julai 1862 ilikuwa imekataza watu binafsi kutoa noti au tokeni ya chini ya dola moja kwa matumizi ya pesa, na huenda hapo ndipo lilipotoka lile neno dogo NOT. Kwa mbali mteja anasoma ONE CENT. Mbele ya hakimu, mtoaji anaonyesha NOT.

Na nani alizikomboa? Mara nyingi hakuna. Inasimuliwa kwamba Gustavus Lindenmueller, mwenye baa New York aliyetoa tokeni zaidi ya milioni moja, alipelekewa na kampuni ya reli ya Third Avenue rundo la tokeni zake ili azikomboe, akacheka akakataa. Sheria ya 22 Aprili 1864 ilileta senti mpya ya bronzi ya gramu 3.11 na kupiga marufuku sarafu binafsi za senti moja na mbili. Sheria ya 8 Juni 1864 ikafunga mlango kwa sarafu binafsi za aina yoyote.

Shika jambo moja kutoka hapo: tokeni ilipita mkononi kwa thamani ya senti moja, na shaba iliyokuwa ndani yake haikufikia thamani hiyo. Fedha ya aina f ilitoka wapi basi? Ilitoka kwa wakusanyaji wa wakati uleule. Mwaka 1857 Marekani iliacha kupiga senti kubwa za shaba, watu wakaanza kuzitafuta na kuziweka, na hobi ya sarafu ikapanda kwa kasi. Vita vilipozaa tokeni, wakusanyaji hao walikwenda kwa wachongaji wakaagiza nakala chache za fedha, za metali nyeupe, za shaba ya njano, au zilizopigwa juu ya sarafu halali. Hazikupelekwa dukani hata siku moja. Zilitoka kwenye mashine zikaingia kabatini.

Hebu piga hesabu ya hii tokeni yetu. Ujazo wake, kama tutakavyoona, ni sentimita za ujazo 0.386. Ingekuwa fedha ya asilimia 90, yenye densiti (gramu kwa kila sentimita ya ujazo) ya takribani 10.3, ingekuwa na uzito wa gramu 4.0 hivi. Sarafu halali ya senti 10 ya wakati ule ilikuwa na gramu 2.49. Kwa hiyo tokeni hii ingebeba fedha sawa na ya senti 16, wakati ambapo fedha yenyewe ilikuwa inafichwa kwa sababu ilikuwa na thamani kuliko noti. Nani angeitoa kwa senti moja mara mia moja hadi shavu lisagike? Tokeni ya f iliyochakaa inawezekana kwa njia moja tu ya maana, nayo ni mtu kuibeba mfukoni miaka mingi kama kumbukumbu. Lipo hilo, lakini ni nadra ndani ya nadra, na kabla ya kulikubali lazima metali ithibitishwe. Mnunuzi alikuwa na haki ya kukereka.

Uchunguzi ulianzia kwenye rangi, bila kugusa chochote kwa dawa. Taa moja iliwekwa pembeni kwa pembe ya chini, na tokeni ikazungushwa polepole chini ya lenzi. Kwenye ncha ya unyoya wa tatu na kwenye kitovu cha shavu kulionekana madoa mawili yenye wekundu wa kahawia, kila moja dogo kuliko kichwa cha pini. Metali iliyochanganywa huwa na rangi moja toka juu hadi ndani; ikilika, inafunua rangi ileile. Wekundu uliojitokeza mahali palipolika maana yake ni kwamba weupe ni ngozi tu.

Madoa hayo peke yake hayatoshi kudai pesa irudishwe. Muuzaji anaweza kusema ni uchafu. Ndiyo maana mizani inahitajika, na hapa ndipo wengi hukosea, hivyo tutakaa kidogo.

Kipimo ni densiti, na njia rahisi ni hii. Weka glasi ndogo ya maji yaliyokenekwa juu ya mizani, ongeza tone moja la sabuni ya maji ili mapovu yasishike, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga tokeni kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote, ining'inie bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba inayotokea kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa tokeni. Gawanya uzito wa tokeni ikiwa kavu kwa namba hiyo.

Mizani ya vito ya bei nafuu husoma gramu 0.01. Juu yake, tokeni yetu ilitoa 0.39. Gramu 3.41 kugawanya kwa 0.39 ni 8.74. Inaonekana vizuri, lakini hesabu hiyo inadanganya kwa utulivu: kosa la alama moja tu, 0.38 au 0.40, linaipeleka densiti 8.97 au 8.53. Ndani ya upana huo mna shaba, mna shaba-nikeli, mna shaba ya njano, wote pamoja. Mizani hiyo inaweza kutoa fedha na bati nje ya mlango, basi. Kwa fedha maji yangekuwa 0.33, kwa bati 0.47, na tofauti hizo hata mizani duni inaziona. Anayetaka kutenga a na b kwa mizani ya 0.01 anabahatisha.

Mizani ya 0.001 ilitoa gramu 3.412 kavu na 0.386 ndani ya maji. Densiti: 8.84. Ukipa kosa la alama mbili kila upande, unabaki kati ya 8.79 na 8.89. Shaba ya njano ya kawaida ingesukuma maji 0.400 hivi, imetoka. Fedha imekwisha kutoka. Zimebaki shaba, bronzi na shaba-nikeli. Senti halali za shaba-nikeli za 1859 hadi 1864 zilikuwa na gramu 4.67, kwa hiyo tokeni hii haikupigwa juu ya senti, na yale madoa mekundu yanakataa nikeli. Imebaki shaba, au bronzi ambayo karibu yote ni shaba.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni ya kijinga na yanatokea kila siku. Kipovu kimoja kilichonasa chini ya manyoya huongeza ujazo na kuishusha densiti. Tokeni ikigusa chini ya glasi, mizani inabeba uzito wake na namba inaruka juu. Upepo wa feni hutingisha alama ya mwisho. Rudia mara tano, na ikiwa majibu yanatofautiana kwa zaidi ya alama mbili, usitumie lolote kati ya hayo. Safisha uzi uanze upya.

Swali lingine: je, ingekuwa imepigwa juu ya sarafu ya senti 10? Nakala za namna hiyo zipo na ni za kweli. Lakini sarafu ile ilikuwa na upana wa milimita 17.9, muhuri wa tokeni ni mpana kuliko hapo, kwa hiyo nyota na herufi za pembeni hukatika au hufifia, uzito huwa karibu na 2.49, na mara nyingi ukingo hubaki na meno ya sarafu ya chini. Hapa nyota zote 13 ni kamili na ukingo ni laini.

Mnunuzi alikuwa tayari ameshapeleka tokeni kwa mtu mwenye kifaa cha eksirei cha kupimia metali, na karatasi ikarudi na fedha asilimia 61 na shaba 37. Muuzaji aliishika karatasi hiyo kama ushahidi wa fedha ya daraja la chini. Karatasi haikuwa na kosa. Msomaji ndiye aliyekosea. Kifaa hicho huona maikroni chache hadi makumi tu za juu. Kikiwekwa juu ya ngozi nyembamba ya fedha iliyolala juu ya shaba, kinasoma vyote viwili kwa pamoja na kukupa mchanganyiko ambao haupo popote ndani ya kitu. Fedha ya asilimia 61 na shaba 37, ingekuwa mchanganyiko kweli, ingekuwa na densiti ya karibu 9.8. Tumepima 8.84. Kwa hiyo usome kifaa pamoja na maji, kamwe kimoja bila kingine, na uombe kipimo cha pili mahali palipolika. Kifaa kilipoelekezwa kwenye doa la shavuni, shaba ilipanda juu sana na fedha ikaanguka.

Limebaki swali la nani aliipaka na kwa nini, kwa sababu hukumu ya haki inategemea hilo. Kuna ngozi nyeupe za aina nne au tano zinazokutwa kwenye tokeni hizi. Zebaki iliyosuguliwa hung'aa mno mwanzoni kisha hufa ikawa kijivu. Ukiishuku, vaa glavu na usiipashe moto kamwe, mvuke wake ni sumu. Bati hubaki jeupe butu. Zinki hutokana na jaribio la kemia la shuleni, la kuchemsha kipande cha shaba pamoja na unga wa zinki kwenye magadi makali. Ukipasha moto kipande hicho baadaye, zinki huingia kwenye shaba na kuwa ya njano, na huko ndiko hutoka baadhi ya tokeni zinazouzwa kama b. Fedha ya kupakwa kwa umeme hujulikana kwa weusi unaojikusanya kwenye mabonde ya picha, kama kwenye vijiko.

Kati ya manyoya ya tokeni yetu kulikuwa na weusi huo. Na kila mkwaruzo wa zamani, pamoja na tundu dogo kwenye ukingo karibu na nyota ya kwanza, ulikuwa umefunikwa na weupe hadi chini. Mpangilio uko wazi hapo: ilitumika, ikakwaruzwa, ndipo ikapakwa. Tokeni iliyopakwa kabla ya kutumika huwa na mikwaruzo mekundu.

Kisha ukingo ukazungushwa mzima chini ya lenzi. Saa kumi na mbili juu, kabisa juu ya kichwa, palikuwa na sehemu ya urefu wa milimita 3 laini kuliko kwingine, yenye kijivu cha risasi kwenye kona. Ni alama ya lehemu. Pete ndogo iliwahi kuunganishwa hapo, ikaja kuondolewa na kupigwa msasa. Hii tokeni ilikuwa kidani. Mtu aliichukua chenji yake ya wakati wa vita, akaipeleka kwa sonara, ikapakwa fedha ivaliwe shingoni. Kupaka fedha kwa umeme kulijulikana tangu 1840, kwa hiyo inawezekana ilifanyika vita vikiwa bado havijaisha au miaka thelathini baadaye. Ngozi yenyewe haisemi tarehe. Hakuna aliyedhamiria kudanganya wakati huo. Udanganyifu, au uzembe, uliingia siku mtu alipoondoa pete na mwingine akaandika f.

Matokeo ya vitendo yalikuwa haya. Mnunuzi alimwandikia muuzaji mambo manne kwa mfuatano: picha ya madoa mekundu, hesabu ya densiti kwa mizani ya 0.001, kipimo cha pili cha eksirei, na picha ya lehemu. Barua haikutaja wizi hata mara moja, na hiyo ilisaidia. Tokeni yenye lehemu na iliyopakwa ina thamani ndogo hata kuliko a ya kawaida ya daraja lilelile, kwa sababu wakusanyaji huihesabu kuwa imeharibiwa. Pesa ilirudishwa isipokuwa bei ya a, na mnunuzi akaamua kuibakiza. Uamuzi mzuri, kwa maoni yetu. Kitu kilichokuwa pesa kisha kikawa pambo la shingoni kinaeleza maisha ya watu wa 1863 kuliko f kumi zilizolala kabatini.

Wazo lililofuata lilikuwa kuvua fedha ili shaba ionekane. Usifanye. Asidi inayoyeyusha fedha hula shaba hata zaidi, utabaki na kitu cha waridi chenye vishimo, na lile neno NOT, ambalo tayari limezibwa kidogo na ngozi, ndilo litakalotangulia kupotea. Kilichofanyika ni kuloweka dakika kumi ndani ya asetoni safi kwenye chupa ya kioo, ili kuondoa mafuta ya vidole na mabaki ya plastiki. Kusuuza kwa asetoni nyingine mpya. Kuacha ikauke yenyewe bila kufuta. Dirisha wazi, moto mbali. Asetoni haigusi fedha wala shaba.

Mihuri ilibidi ilinganishwe upya pia, kwani muuzaji aliyekosa metali anaweza kuwa amekosa na namba. Vichwa vyenye taji la manyoya ni vingi na vinafanana kama pacha. Kinachovitenga ni vitu vidogo: ncha ya unyoya wa kwanza inaelekea nyota ipi, tarakimu ya 1 iko mbali kiasi gani na shingo, shada lina majani mangapi upande wa kushoto, na ufa wa muhuri, ambao kwenye tokeni huonekana kama mstari ulioinuka, unapita wapi. Ngozi ya fedha hujaza kona za herufi, kwa hiyo pima umbali kati ya vitu na usitegemee unene wake. Namba ya uso ilikuwa sahihi. Ya mgongo ilikuwa imekosewa kwa muhuri mmoja, na R ya jozi sahihi kwa shaba ni R2.

Sasa iko ndani ya kifuko kisicho na plastiki laini ya PVC, ambayo hutoa ute wa kijani unaokula shaba, kwenye sanduku lenye unyevu chini ya asilimia 50. Kadi yake imeandikwa hivi: “1863, taji la manyoya / NOT ONE CENT, metali a. Gramu 3.412, milimita 19.2, densiti 8.84. Imepakwa fedha baada ya kutumika. Lehemu ya pete saa 12. Iliwahi kuuzwa kama f.” Sentensi ya mwisho iachwe hapo daima, kwa ajili ya atakayeinunua baadaye.